Nilitoa Vitu Nje, Watu Wakaleta Kuni

Kama wakubwa wa hii inchi wangefanya kazi yao, nyumba yangu ingekuwa safi. Ninaanza na hiyo, sababu hapa Mangobo watu wanapenda kusema Papa Ruphin anakusanya takataka tangu muke yake alikufa. Uongo. Mimi sikusanyi. Mimi ninajitayarisha.

Angalia wewe mwenyewe. Kama robinet ingetoa maji, ningekuwa na bido za manjano za kuchotea maji mpaka chini ya kitanda? Kama courant, umeme, ingekuwa ya kila siku, ningechunga taa ya petroli, taa ya mabatri, taa ya jua yenye haikubali tena jua, na vipande vya mishumaa ndani ya mukebe wa maziwa? Kama barabara ingekuwa barabara, ningeweka mipira ya velo nyuma ya mulango? Nilibeba watu kwa toleka, velo ya abiria, tangu ujana mpaka pikipiki zikatunyanganya kazi, na kwa mashimo ya huu muji kila mupira ulikufa ukiwa bado mutoto. Mupira kama ule hautupwi. Unaukata, unapata kamba, unapata ndala, unapata kitu ya kufungia mulango.

Na frigo. Hiyo ndiyo wanaisema zaidi.

Frigo ilikuwa ya Angèle, muke yangu. Alikuwa anauzisha maji ya baridi na barafu kwenye meza mbele ya parsele, na wanafunzi walikuwa wanatoka mbali kumutafuta. Kisha yeye akakufa. Courant nayo ikaendelea kucheza na sisi, inaenda, inarudi, mpaka siku moja ikarudi na hasira, frigo ikatoa moshi kidogo, ikanyamaza. Nikaisukuma ndani ya chumba ya pili. Nikasema itangojea pale mpaka wakubwa watupe courant ya heshima. Inangoja. Kosa si ya frigo.

Bon. Mvua ilikuwa imeanza kurudi wakati Fortunée alinipigia telefone. Fortunée ni mutoto wangu wa pekee. Aliolewa Isangi, kule mto unashukia, na Osée, kijana wa kuuzisha samaki ya kukauka, mutulivu, siko na neno na yeye.

"Papa," akaniambia, "mwezi unaokuja nitazaa."

"Ninajua, mama. Ninakungojea."

Kwetu mimba ya kwanza inarudi nyumbani. Binti anazaa kwa mama yake, anakandwa na maji ya moto, anakula vizuri, hagusi jembe wala sufuria, mpaka nguvu irudi na mume aje kumuchukua na mutoto. Kama mama hayuko, ni nyumba ya baba, na ndugu ya mama anakuja kukaa naye. Ndiyo maana nilisema ninakungojea. Sikufikiri kuna neno ingine.

"Unaningojea wapi, papa? Ndani ya ile chumba yenye mulango haifunguki?"

"Inafunguka."

"Inafunguka kiasi ya kuku kupita! Na mutoto nitamulaza wapi? Ndani ya frigo?"

"Usiseme vibaya juu ya frigo ya mama yako."

Nilisikia tu mto nyuma yake, na mutu akiita watu wa pirogue. Kisha akasema polepole, na hiyo polepole ndiyo ilinitisha, sababu Fortunée akipiga kelele ujue iko na furaha.

"Mama ya Osée amenitayarishia chumba hapa. Amepaka na chokaa. Mimi ninataka kuja kwetu, papa. Lakini sitakuja kulala juu ya bido. Mama mudogo Simone atapita samedi, jumamosi hii, kuona. Akiniambia chumba iko sawa, ninapanda boti. Akiniambia haiko sawa, ninazaa huku."

Sasa sikia vizuri. Mujukuu wangu wa kwanza azaliwe kwa wengine, kama vile mama yake alitoka kwenye hewa. Watu wa Isangi wangeuliza, "Ule baba yake, hana nyumba?" Ningejibu nini? Kwamba nyumba iko, ila wakubwa wameijaza?

Samedi asubuhi nikaamka kabla ya jogoo wa jirani. Simone ni mudogo wa Angèle, anakaa Kabondo, na ni mutu anayeweza kuona vumbi juu ya kitu yenye umefunika. Nikasema: atakuta chumba iko wazi, hatakuwa na la kusema.

Nikaanza kutoa. Bido. Mipira. Taa. Redio mbili, moja inasikia na haisemi, ingine inasema na haisikii vizuri. Mabati yenye kutu. Viti vya plastiki vya matanga ya Angèle, vile vilibaki bila mwenyewe kuvidai, na mimi sikuwa na haraka ya kumutafuta. Balatum ya kutandika chini, nilipata kwa muhindi mumoja alipofunga magazini. Nikaiviringa, ikawa ndefu kama mutu. Godoro ya Fortunée ya zamani. Na picha yangu kubwa yenye cadre, ile nilipiga siku ya ndoa yake, nimevaa koti ya kuazima.

Parsele yangu haina tena fensi. Mvua ilikula fensi, sababu caniveau, mufereji wa maji wa avenue yetu, haijasafishwa tangu mukubwa yule aliyekuja kupigia picha na pauro mikononi. Donc, vitu ilipojaa kwenye uwanja, ikamwangika mpaka barabarani. Pikipiki moja ikapita karibu, ikakanyaga sufuria. Nikaenda kwa mungazi wa jirani, ule muti wa mafuta, nikakata mandalala, yale majani marefu, nikayasimamisha upande huu na upande ule wa barabara, ili wenye pikipiki wapunguze mwendo.

Kisha mawingu ikaja nyeusi upande wa mto. Nikaogopa godoro italowa. Niko na bâche munene, turubai ya kandida mumoja wa uchaguzi, uso wake wote, na meno yake yote, na maneno ya kwamba tutaona. Tuliona. Nikaifunga juu, nikavuta godoro chini yake. Nikalaza balatum juu ya godoro, nikaifunika na shuka nyeupe ya Angèle, vumbi isiingie. Viti nikavipanga mustari-mustari nipate mahali pa kupita. Picha yangu nikaiweka juu ya kiti kimoja mbele, kioo isivunjike.

Mimi niliona kazi nzuri. Niliona mutu mwenye mupango.

Ndani ilibaki kitanda bila godoro, na frigo, na nyuma ya frigo ile kitu sikutaka kufikiri. Frigo peke yangu sikuiweza. Nikavaa ndala, nikaenda soko kutafuta mutu wa pousse-pousse, mukokoteni wa kusukuma.

Soko si mahali mutu anafika na kurudi. Nikakuta watu wanabishana juu ya bei ya mafuta, nikawaeleza kosa ni ya nani. Wakakubali. Nikaeleza tena kwa wale waliochelewa. Wenye pousse-pousse walikuwa wamebeba mihogo, hakuna aliyetaka frigo. Nikarudi mikono mitupu, jua imekuwa kali, mawingu ile ilikwisha kwenda kunyeshea wengine.

Kwenye kona ya avenue nikasikia wimbo. Wanawake wengi, sauti ya chini, wimbo wa kilio wa kanisa. Nikasema, loo, nani amekufa? Nikafikiri yule muzee wa kona mwenye kukohoa. Nikamuona yuko kwenye mulango wake, anakohoa. Alinitazama, mudomo ukabaki wazi, kikohozi ikaacha.

Nikaendelea. Niliona mandalala. Niliona bâche. Niliona viti vimejaa watu, wamama wamefunga vikwembe kiunoni, kuni zimepangwa kwenye ukuta kama ukuta wa pili, moto unawaka, sufuria kubwa ya chai juu yake. Sufuria ilikuwa yangu. Mbele ya wote, picha yangu, na mutu ameweka maua mbele yake. Na ile shuka nyeupe, na balatum yangu chini yake imelala kimya, Mama Françoise amepiga magoti kando yake.

"Papa Ruphin!" alikuwa analia. Mama Françoise ni jirani wangu, anaongoza waimbaji wa kanisa, na anauzisha mikate. "Papa Ruphin, umeenda hivi-hivi, hata kuaga! Jana bado ulinitukania mukate!"

Mutu yeyote angefunua ile shuka angeona balatum. Lakini nani anafunua mutu bila ndugu yake kufika? Kwetu hakuna. Mutu anaona mandalala barabarani, anajua ni kilio, anaenda kutafuta kuni. Hivyo ndivyo tulilelewa.

Ningesema neno mara moja. Lakini shefu wa avenue, Zacharie, alikuwa amesimama, kofia mukononi, anasafisha koo. Na Zacharie na mimi hatusalimiane vizuri. Nikajificha nyuma ya mandalala, nikatega sikio.

"Ndugu zangu," akasema Zacharie, "tumepoteza mutu wa ukweli."

"Ndiyo," watu wakaitika.

"Alikuwa anakuja kwangu kila wakati juu ya ile caniveau. Mvua, jua, yeye na caniveau. Mimi nilikuwa ninamujibu vibaya. Leo ninasema mbele ya mwili yake: Papa Ruphin alikuwa na haki."

Wewe! Mutu huyu, mimi nikiwa nimesimama mbele yake na afya yangu, aliniita kichwa kilichooza. Sikuweza kuvumilia. Nikatoka.

"Zacharie," nikasema, "rudilia hapo kwenye caniveau. Watu wa nyuma hawakusikia."

Siwezi kueleza yote ilitokea, sababu ilitokea pamoja. Wimbo ulikatika katikati. Mama Françoise aliruka juu ya balatum kama mutoto anayeruka kamba. Viti vikaanguka, watu wakakimbia na vikombe vyangu, ndala moja-moja zikabaki uwanjani. Na Zacharie alirudi nyuma, anarudi, anarudi, mukono umenyooshwa, "Toka, shetani, toka!" mpaka hakukuwa tena na uwanja nyuma yake. Akaingia ndani ya caniveau mpaka kiuno.

Nikaenda kumupa mukono. Akaukataa.

"Uko baridi?" akauliza.

"Gusa, utajua."

Akagusa na kidole kimoja. "Iko moto," akaambia watu. "Mutu huyu iko moto!"

Ndipo Simone akashuka kwenye pikipiki. Kumbe walimufikishia habari njiani. Alikuja uso umevimba na machozi, kikwembe kimefungwa kinyume, akaniona nimesimama na Zacharie anachuruzika maji nyeusi. Akanitazama mara moja. Akatazama ile balatum. Kisha akanipiga na sakoshi yake, hapa, juu ya sikio.

"Semeki, shemeji yangu!" nikalia.

"Semeki nini! Nimelia kutoka Kabondo mpaka hapa! Mwenye pikipiki amelia! Machozi yangu nani ananirudishia?"

"Mimi nilikuwa ninapanga chumba. Fortunée alisema unakuja kuona chumba!"

"Na mandalala ni ya kupanga chumba?"

"Ni ya pikipiki!"

Watu walikuwa wanarudi polepole, mumoja-mumoja, wengine wanacheka, wengine wamekasirika kama vile nimewanyima kitu. Mama Françoise alikuwa bado ameshika kifua. Akaniita kando na sauti ya mutu mwenye kosa.

"Papa Ruphin, mimi nilipigia Fortunée."

"Ulimwambia nini?"

"Sasa ningemwambia nini? Kwamba uko chini ya shuka."

Tukapiga telefone. Réseau ikakataa. Tukapiga tena. Hao nao, wenye réseau, siku yao itafika. Simone akapanda juu ya kiti, akainua telefone, akapiga, akanipatia. Upande ule nilisikia mashine ya boti inanguruma.

"Allô?" Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. "Mama mudogo?"

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi baba yako."

Nikasikia akimwambia Osée, "Anasema ni papa." Osée akachukua telefone, akauliza kwa heshima, "Papa, kama ni wewe, siku ya ndoa yetu ulikataa nini?" Nikamujibu, "Nilikataa ile mbuzi yenye jicho moja, na nilifanya vizuri." Osée akamurudishia telefone. "Ni yeye," akasema.

Alilia, akalia. Mimi ninashika telefone, uwanja wote unasikiliza. Kisha ikaja kelele, na nikapumua.

"Papa! Nimepanda boti na tumbo hii! Ninafika hapo kesho, nitakuua mimi mwenyewe, kuni si tayari ziko?"

"Ziko nyingi."

"Na ile chumba nitaiona na macho yangu. Sitaki mutu anieleze. Nikikuta imejaa, ninarudi na boti ileile, na hutaniona mpaka mutoto anatembea. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Telefone ikakatika. Nikatazama vitu yangu: mpaka barabarani, na chini ya miguu ya watu. Wapi kuipeleka mpaka kesho? Nilikuwa nimeitoa, ni kweli, lakini mimi nilijua, na Simone alijua, kwamba kila kitu ingerudi ndani kabla ya usiku. Sikuwa na mupango wa mbele ya hapo. Nilitaka tu aone chumba wazi, kisha aende.

Simone akanisoma usoni. Akapiga makofi.

"Wamama, wapapa! Mulikuja kusindikiza Papa Ruphin, sivyo?"

"Ndiyo," wakajibu, hawajui bado.

"Bon. Yeye amekataa kwenda. Musindikize vitu yake. Hakuna mutu anatoka hapa mikono mitupu!"

"Ngoja kwanza," nikasema, "kuna vitu ingine..."

"Marehemu haongei!" Simone akasema.

Watu wakacheka mpaka Zacharie akacheka. Na mimi, kwa kweli, nani angenisaidia? Niliposema bido ile ni ngumu kupata, "Marehemu, nyamaza." Niliposema redio inahitaji kitu kidogo tu, "Marehemu, lala vizuri." Wamama wa kanisa wakachukua bido, wawili-wawili. Muzee wa kona akachukua redio inayosikia na haisemi, akasema inafaa kwa muke yake. Mutu akachukua mabati, mwingine taa. Kila mumoja alikuwa ananishukuru kwa sauti ya matanga, "Tutamukumbuka sana," na mimi nimesimama pale, ninajikumbuka.

Mipira ya velo hakuna mutu aliyeitaka. Zacharie, suruali imeanza kukauka na kunuka, akaizunguka.

"Hii tukiijaza udongo," akasema, "tukaipanga kando ya caniveau, maji haitakula tena parsele yako."

"Hiyo ni kazi ya serikali," nikamwambia.

"Ndiyo. Shika pauro."

Tukafanya. Wapapa wote wa avenue. Mimi nilikuwa ninachimba huku ninasema juu ya wakubwa, na kwa mara ya kwanza Zacharie hakunikatalia, sababu tope ile ilikuwa ndani ya viatu vyake.

Kisha ikabaki frigo.

Simone aliingia chumbani, akasimama mbele yake. Mimi nikasimama mulangoni. Nje watu walikuwa wanakunywa chai yangu.

"Nyuma yake kuna nini?" akauliza. Alijua.

"Sanduku."

Sanduku ya chuma ya Angèle, yenye vikwembe vyake. Kwetu, matanga ikitolewa, vikwembe vya marehemu ni vya ndugu zake wanawake. Wanakaa, wanagawana, wanalia kidogo, wanacheka kidogo, wanaenda. Simone na dada zake walikuja siku ile. Wakakuta frigo mbele ya sanduku.

"Tulikuambia uisukume," akasema. "Ukasema ni nzito. Mwaka ule ukaweka na mabati mbele ya frigo. Kisha na mipira. Semeki, frigo haikujiweka hapa."

"Courant ndiyo..."

"Wacha courant kidogo."

Nikakaa chini, mulangoni pale, mugongo kwenye ukuta. Sikukusudia kusema, lakini siku ile nilikuwa marehemu, na mdomo ulikuwa mwepesi.

"Ile usiku wa hospitali," nikamwambia, "courant ilikuwa imekatika, na walikuwa wanatafuta mafuta ya groupe, mashine ya kutoa courant. Wanatafuta, wanatafuta. Unajua. Asubuhi nilirudi hapa peke yangu kuchukua shuka. Nikafungua mulango, nikakuta courant imerudi. Taa zote zinawaka. Na frigo yake inaimba, Simone. Inaimba vizuri, kama hakuna kitu. Barafu zake zilikuwa zimekamata, tayari kuuzishwa."

Simone akaja, akakaa karibu na mimi chini, na kikwembe chake kizuri.

"Wakubwa hawana haya," akasema mwisho.

"Hawana."

Mutu huko nje aliuliza kama sukari imeisha. Nikasimama, nikaita Mama Françoise.

"Mikate yako panya bado zinaikula?"

"Kila siku, Papa Ruphin."

"Chukua hii. Inafunga vizuri, panya haiingii. Lakini courant ikiwa ya heshima, unanirudishia."

Akanitazama, akatazama frigo. "Courant ikiwa ya heshima, papa, sisi wote tutakufa siku ile na mushangao. Nitairudisha kwa nani?"

Wapapa wanne-watano wakaibeba. Nilitembea nyuma yake mpaka kwenye meza ya mikate, na wanawake wawili wakaimba kidogo, kwa kunichokoza. Nikawaacha waimbe.

Nilipofika, Simone alikuwa amefungua sanduku. Harufu ya naftalini ikajaa chumba, na chini ya naftalini harufu ingine, kidogo, nikatoka nje nikapiga chafya nyingi. Niliporudi alikuwa amerudisha godoro ndani, amepanga vikwembe mafungu mawili juu yake. Fungu moja lilikuwa linang'aa: kile cha wamama wa kanisa, kile cha sikukuu ya wanawake, kile nilinunua nikiwa bado na nguvu ya kupanda kilima na toleka bila kushuka. La pili lilikuwa la vile vya kila siku, vimeoshwa mpaka maua yake yamekwenda, laini kama majani ya ndizi yaliyopitishwa kwenye moto.

"Hivi vipya ni vyetu, dada zake," akasema. "Hivi vilivyochakaa hatugawi. Kitambaa kipya kinakwaruza mutoto mchanga. Atafungwa na vya bibi yake."

Sikubishana. Nilitandika kitanda, nikafagia. Nikafungua mulango ya chumba, ikaenda mpaka ikagonga ukuta, sauti sikuisikia tangu miaka. Nikaigongesha tena.

Fortunée alifika siku iliyofuata mchana, nyuma ya pikipiki inayoenda polepole, Osée nyuma yake kwa ingine na mufuko kichwani. Hakunisalimia. Alinishika uso na mikono miwili, akaukandamiza kama anachagua papai, akaniacha. Akaingia moja kwa moja. Sisi wote nyuma yake: mimi, Simone, Mama Françoise, na Zacharie aliyesema amepita tu.

Akafungua mulango. Ikagonga ukuta. Akaifunga, akaifungua tena. Akatazama dirisha, likiwa wazi. Akaona vikwembe vya mama yake vimekunjwa juu ya mto wa kulalia, akavigusa na nyuma ya mukono. Kisha, na tumbo ile, akainama taratibu, akashika kitanda, akatazama chini yake.

Mimi nilifunga macho.

"Papa. Hii bido ni ya nini?"

"Ni moja tu."

"Nilisema isijae, na umeanza tena."

"Ni ya maji yako ya moto! Utakandwa na nini? Kama wale wakubwa wangetoa maji kwenye robinet, mimi nisingeacha hata moja, lakini wale..."

"Papa."

"Bon."

Akakaa juu ya kitanda. Kitanda ikalia kidogo. Akavua viatu, miguu imevimba, akasukuma viatu chini ya kitanda mpaka vikagonga bido. "Osée," akasema, "leta mufuko. Na wewe, papa, ile kuni yote uwanjani, hiyo tena unajitayarisha na nini?"

"Ile si yangu. Ile ni ya kifo changu."

Na ni kweli. Kuni iliyoletwa kwenye matanga haibebwi kurudi, mutu atakayeirudisha anarudisha kilio kwake. Hakuna aliyethubutu kugusa hata kijiti kimoja. Zilijaa ukuta wote, mahali palepale vitu yangu ilikuwa imesimama asubuhi ya samedi.

Simone akaenda kuweka maji kwenye moto. Mimi nikachukua bido, nikaenda kutafuta maji ingine, kwenye foleni ya pompe, pamoja na watu wote niliowapa bido zangu. Waliniona ninakuja.

"Marehemu, pita mbele," wakasema.